KITAMBAA CHA MTEJA NI AMANA

Hotuba ya Katibu juu ya kushona nguo za heshima za watoto kwa satini na vitambaa vingine vinavyoteleza, iliyotolewa mbele ya wanachama na mafundi wa chumba cha ushonaji katika sherehe za miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimepewa heshima ya kusema maneno machache katika siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wasemaji walionitangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa, mizani, maghala na mikopo, nao wameeleza vyema kupita niwezavyo mimi. Mimi nitasema juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni kushona nguo za heshima za watoto kwa vitambaa laini vinavyoteleza, yaani satini, hariri, shifoni, oganza na neti. Huenda wako wazee watakaojiuliza, "Je, Katibu ameacha vitabu vya hesabu ameshika sindano?" Naomba wanivumilie kidogo, maana jambo hili lagusa mfuko wa kila mkulima aliye hapa.

Tufikiri pamoja. Malipo ya pili ya kahawa yakitoka, fedha hizo huenda wapi? Sehemu huenda kwenye ada ya shule, sehemu kwenye mbolea, sehemu kwenye bati la nyumba. Lakini katika kila nyumba iko sehemu inayowekwa kwa ajili ya nguo ya mtoto: gauni la Komunyo ya Kwanza au la Kipaimara, nguo ya Idi, gauni la kusindikiza bibi arusi, kizibao cha mahafali. Mzazi hununua kitambaa kizuri kuliko vyote avaavyo yeye mwenyewe, akakikunja, akampelekea fundi. Tangu saa ile mali yake imo mikononi mwa mtu mwingine.

Kitenge kikishonwa vibaya hufumuliwa, kikashonwa tena, wala hapana ajuaye. Satini haina msamaha huo. Ukiifumua huacha safu ya matundu ambayo hayafi kwa pasi wala kwa maji. Basi kosa moja la mkasi ni debe la kahawa lililomwagika njiani. Ndiyo sababu nasema kwamba kitambaa cha mteja ni amana. Kama vile mkulima awekavyo gunia lake juu ya mizani, akaamini ya kuwa karani atasoma kilo zile zile zilizomo, ndivyo na mama yule amwekeavyo fundi kitambaa juu ya meza.

Wala nguo si ngeni katika ushirika. Tarehe 21 Desemba, 1844, watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao katika njia iitwayo Toad Lane. Baadhi yao walikuwa wafumaji wa nguo. Waliuza unga, siagi, sukari na mishumaa, na ahadi yao kwa wanachama ilikuwa nyepesi kutamka: bidhaa safi na kipimo cha haki. Na kanuni saba za ushirika zilizotangazwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995 zinasema katika kanuni ya tano kwamba chama hakina budi kuwaelimisha wanachama wake. Kwa hiyo nikieleza habari za sindano sijatoka nje ya kazi yangu.

Kwanza yafaa tujue tunachokishika. Watu wengi huita "hariri" kila kitambaa king'aacho, lakini hariri na satini si kitu kimoja. Hariri ni aina ya uzi, utokao kwa kiwavi alaye majani ya mforosadi. Satini ni namna ya kufuma. Katika satini uzi mmoja hupita juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama chini ya mmoja. Kwa kuwa nyuzi hazishikani mara nyingi, uso wa nguo huwa laini na wenye kung'aa. Na kwa sababu iyo hiyo nguo huteleza, na kingo zake hufumuka upesi. Satini nyingi iuzwayo katika masoko yetu imefumwa kwa poliesta, uzi uliobuniwa na Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, mwaka 1941. Mtu akitaka kupambanua, na achukue nyuzi chache za ukingoni, azishike kwa koleo juu ya sahani, azichome. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, nayo huacha jivu linalosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka, ikaacha punje ngumu kama ushanga. Jaribio hili ni la dakika moja, nalo humwambia fundi namna ya kupiga pasi, uzi wa kutumia, na hatari gani aitazamie.

Sasa nitakuja kwenye neno ambalo ndilo kiini cha hotuba yangu. Mafundi wengi hudhani kwamba nguo inayoteleza hushindikana kwenye cherehani, hata wakalaumu cherehani, wakalaumu uzi, wakalaumu umeme. Lakini satini hushindikana mezani, kabla cherehani haijazunguka hata mara moja. Kipande kilichokatwa kikiwa kimepinda hakitanyooka kwa ustadi wowote wa kushona. Mwenye haraka akichukua dakika kumi kukata, atachukua siku mbili kuhangaika, na mwisho wake gauni litaning'inia upande.

Kabla ya meza iko mikono. Mikono yetu ni mikono ya jembe, nayo si aibu. Lakini ngozi iliyokwaruzika huvuta nyuzi za hariri na satini kama miiba. Fundi na asugue viganja kwa sukari iliyochanganywa na mafuta kidogo ya kupikia, kisha anawe kwa sabuni na kujikausha kabisa, asibaki na mafuta ya kutia doa. Kucha na zikatwe, na pete ivuliwe.

Kisha meza. Meza tupu ya mbao iliyopigwa randa huteleza sawasawa na satini yenyewe. Itandikwe blanketi au shuka ya pamba iliyovutwa vema, maana pamba huishika satini isikimbie. Kitambaa chote kikae juu ya meza. Kikiachwa kuning'inia pembeni, uzito wake utavuta nyuzi, na kipande kikatwacho hakitakuwa kile kilichopimwa. Kwa sababu hii meza ndogo ni adui wa fundi. Ili kujua kama kitambaa kimenyooka, vuta uzi mmoja wa upana kutoka ukingo hadi ukingo. Alama itakayobaki ndiyo mstari wa kweli, na hapo ndipo pa kukata kwanza.

Usikunje satini mara mbili ukakata tabaka mbili pamoja kama ufanyavyo kwa sare za shule, kwa maana tabaka ya chini hutembea bila wewe kuiona. Kata tabaka moja moja, kwa mchoro wa karatasi ulio kamili, si nusu. Michoro yote ielekee upande mmoja, kwani satini hubadili mng'ao ikigeuzwa juu chini, na mgongo wa gauni utaonekana wa rangi nyingine. Badala ya pini nyingi, weka vijiwe safi vilivyofungwa katika vitambaa. Pini zikihitajika ziwe nyembamba, nazo zichomwe ndani ya sehemu ya mshono tu, mahali ambapo matundu hayataonekana. Mkasi uwe mkali, wa nguo peke yake, na ule upande wake wa chini usiinuliwe kutoka mezani. Acha sentimita moja na nusu kwa mshono, kwa sababu kingo hizi hufumuka.

Natoa mfano wa gauni la msichana mwenye kiuno cha sentimita 58, anayetaka sketi ya duara kamili yenye urefu wa sentimita 55. Gawa 58 kwa 6.28, utapata kiasi cha sentimita 9.2, ndicho kipimo cha kutoka katikati ya duara hadi kiunoni. Ongeza 55 za urefu na 2 za pindo, jumla sentimita 66.2. Duara zima basi litakuwa na upana wa sentimita 132.4, nalo laenea katika kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kwa urefu wa mita moja na nusu. Fundi akijua hesabu hii hatamwambia mzazi anunue mita tatu kwa sketi peke yake. Hapo hesabu imemwekea mkulima fedha mfukoni. Lakini duara lina sehemu zilizokatwa hanamu, na hanamu hurefuka kwa uzito wake. Kwa hiyo sketi na itundikwe siku moja nzima, usiku na mchana, ndipo pindo lisawazishwe na kushonwa.

Tukija kwenye cherehani, sitakawia, maana mwenye kukata vizuri amekwisha kufanya nusu ya kazi. Mafundi wetu wamezoea sindano namba 14 na 16 kwa kitenge na sare. Kwa satini yafaa namba 11 au 9, na kwa shifoni na oganza namba 9 au 8. Nayo iwe mpya kwa kila gauni, kwa kuwa sindano butu haitobоi uzi, huuvuta. Mshono uwe mfupi, kiasi cha milimita 2. Piga bandi kwanza kwa mkono, kwa uzi mwembamba. Unapoanza, anzia juu ya kipande cha ziada kisha uingie kwenye nguo, na ushike ncha zote mbili za uzi kwa nyuma, cherehani isije ikaimeza nguo tunduni. Nguo nyepesi sana na iwekewe karatasi nyembamba nyeupe chini yake, ishonwe pamoja nayo, kisha karatasi ichanwe taratibu. Gazeti lisitumike, maana wino wake huhamia kwenye nguo nyeupe. Ishike nguo mbele na nyuma ya sindano iwe imenyooka, lakini usiivute. Meno ya cherehani ndiyo yenye kazi ya kuisukuma.

Kwa shifoni na oganza, ambazo mshono wake huonekana kwa nje, nawasihi mafundi wazoee mshono wa kuficha kingo. Weka vipande mgongo kwa mgongo, shona sentimita moja kutoka ukingoni, punguza kingo zibaki milimita 3, geuza ndani nje, piga pasi, kisha shona tena kwa nusu sentimita. Kingo zote zitafungwa ndani kama barua katika bahasha. Ule mtindo wa kuchoma kingo kwa mshumaa ili zisifumuke waweza kufaa kwa utepe wa nywele. Ndani ya gauni la mtoto huacha vipunje vigumu vinavyomkwaruza mwili, naye atakaa kanisani au kwenye sherehe akijikuna tangu mwanzo hadi mwisho.

Juu ya pasi nina neno moja. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Piga upande wa nyuma, kwa moto mdogo, na kitambaa cha pamba kikiwa katikati. Maji yasinyunyizwe juu ya hariri, maana huacha mabaka. Wenye pasi ya mkaa na wawe na uangalifu mara mbili, kwani cheche moja hutoboa poliesta kabla hujapata kuipuliza.

Sasa, ndugu zangu, tumtazame mtoto mwenyewe, maana gauni ni lake, si la picha. Poliesta hainywi jasho. Katika hewa ya kawaida pamba hushika unyevu kiasi cha asilimia 8.5 ya uzito wake, na poliesta asilimia 0.4 tu. Kwa hiyo gauni la satini lisilo na bitana ya pamba humpikia mtoto joto. Bitana hiyo ifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, isije ikarudi baadaye ndani ya gauni na kulikunja. Na kwa kuwa satini hainyumbuki, acha nafasi ya sentimita 6 hadi 8 kifuani, mtoto apate kupumua, kula na kucheza. Wazazi hupenda pindo refu la kushushwa mtoto akikua. Katika satini alama ya pindo la zamani haifutiki. Dawa yake ni kumwambia mzazi mapema kwamba siku ya kulishusha, ule mstari utafunikwa kwa lesi, naye anunue lesi ya kutosha tangu mwanzo.

Liko na jambo la hatari. Watoto wa Komunyo hushika mishumaa. Satini, neti na oganza za poliesta au nailoni zikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Nchini Uingereza serikali iliweka kanuni maalumu juu ya nguo za kulalia za watoto mwaka 1964 kwa sababu ya majanga ya moto. Sisi tusingoje janga. Mikono ya gauni la mtoto atakayeshika mshumaa isiwe mipana yenye kuning'inia. Shela ifungwe nyuma ya mabega. Mshumaa uwe na kikinga nta cha karatasi ngumu. Na mtu mzima awe karibu. Ikitokea ajali, moto uzimwe, na sehemu iliyoungua ipitishiwe maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Kitambaa kilichoganda mwilini kisibanduliwe. Mtoto apelekwe hospitali mara moja. Hali kadhalika, kamba za kufungia shingoni zisiwekwe kwenye nguo za watoto wadogo, na mkanda wa kiunoni usining'inie kupita pindo la gauni.

Bwana Mwenyekiti, nimefika kwenye sehemu ambayo yahitaji uamuzi wa mkutano. Chumba chetu cha ushonaji kimepata wateja wengi, na pamoja na wateja yamekuja malalamiko. Kubwa lao ni hili: kitambaa kikiharibika, nani alipe? Wako wasemao fundi alipe chote. Lakini mama anayeshona kwa ujira mdogo akilipishwa satini yote mara moja, hatashona satini tena, na kazi hiyo itarudi kwa maduka ya mbali. Wako wasemao mzazi avumilie, kwa kuwa alijua kitambaa ni kigumu. Hao nawauliza: kahawa ikilowa ndani ya ghala la chama, je, twamwambia mkulima avumilie? Hatusemi hivyo, wala haifai tuseme.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne. La kwanza, chama kitengeneze meza moja ya kukatia, yenye urefu wa mita mbili na nusu na upana wa mita moja na nusu, itumiwe na mafundi wote kwa zamu. La pili, kila kitambaa kipokewe kwa stakabadhi, kama kahawa ipokewavyo: urefu na upana uandikwe mbele ya mwenyewe, na kipande kidogo kibandikwe kando ya sahihi yake, mabaki yote yarudishwe siku ya kuchukua nguo. La tatu, hakuna gauni la satini litakalokatwa kabla fundi hajaonyesha mshono wa majaribio juu ya kipande cha kitambaa kile kile, nacho kiambatanishwe na stakabadhi. La nne, sehemu ndogo ya kila ujira iwekwe katika mfuko wa fidia. Fundi aliyefuata kanuni akapatwa na ajali, mfuko umlipe mzazi kitambaa kizima. Fundi aliyeruka kanuni alipe nusu, na mfuko ulipe nusu.

Yako maneno yaliyosemwa pembeni kwamba mambo haya ni ya wanawake, na kwamba mkutano mkuu una kazi kubwa zaidi. Najibu kwa heshima. Fedha za gauni zimetoka katika kahawa ile ile iliyopaliliwa na baba na mama pamoja, ikachumwa na watoto wale wale tunaotaka kuwavisha. Chama kikiilinda kahawa hadi mnadani, kisha kikaiacha fedha yake ipotee chini ya mkasi, kitakuwa kimemlinda mkulima nusu ya njia.

Nawaomba pia akina mama mafundi wasione kanuni hizi kuwa ni mzigo. Fundi mwenye kuonyesha mshono wa majaribio hahitaji kujisifu. Kipande chake humsemea. Na wazazi, nanyi nawaomba mlete vitambaa wiki tatu kabla ya sikukuu, si siku tatu. Haraka haraka haina baraka, na kwa satini methali hii ni kweli kupita vitambaa vyote.

Miaka kumi tuliyoimaliza ilitufundisha kuamini mizani yetu, kwa sababu tuliona inasoma haki mwaka baada ya mwaka. Natumaini kwamba katika miaka kumi ijayo tutaiamini hivyo hivyo na meza ya kukatia. Naomba mkutano uyajadili mapendekezo haya manne na kuyapigia kura kabla hatujaondoka.